Dawa Tuliyogawana Mutakura

Ninyi mliobaki kazini mna friji zinazokula jua na kujipima zenyewe, na simu zinazowaambia baridi imeharibika hata mkiwa msalani. Nafurahi kwa ajili yenu. Wivu upo, lakini ni kidogo. Naandika haya kwa sababu kila nikipita kuwasalimia nawachelewesha kwa hadithi, na mkuu wenu mpya ameniambia kwa adabu kabisa, "Mzee, kwa nini usiandike tu?" Nina miaka arobaini na kitu, lakini neno mzee nimelipokea. Mgongo uliobeba glasiere, lile sanduku la baridi la kuchukulia chanjo, uliomba kustaafu kabla yangu, na mimi nikaufuata.

Miguu haikustaafu. Asubuhi bado natoka Buyenzi bila safari, nakata mtaa huu, nashuka ule, halafu najikuta Zone Industrielle mbele ya geti la bohari yetu ya zamani ya chanjo, ambamo sasa wanauza mabati. Mlinzi huniuliza nataka nini. Namwambia napita. Mke wangu husema ukinifunga kwa kamba jioni, asubuhi utasikia kamba imeonekana mbali huko Rumonge.

Nilianza kazi vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa bado mpya. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na wakati ule chuo kikuu hakikuwa mahali pa kwenda, kwa sababu ambazo wakubwa wanazikumbuka na wadogo waziulize nyumbani kwao. Sikuchukuliwa kwa akili. Walitaka kijana wa Buyenzi. Mtaa wetu, pamoja na misikiti yake na magereji yake, ulikuwa umechanganya watu tangu babu zetu, na mtu wa Buyenzi akifika kwenye kizuizi cha barabarani akaanza kuongea Kiswahili, waliomsimamisha walishindwa kujua wamweke upande gani. Haikuwa ngao. Ilikuwa kama mwavuli wakati wa mvua ya mawe: bora kuliko kichwa kitupu.

Aliyenipokea bohari ni Mzee Idi, fundi wa friji, mtu mfupi mwenye masharubu na mdomo usiopumzika. Siku ya kwanza alinipa kigoda, akaniketisha mbele ya friji ya mafuta ya taa.

"Kaa hapo. Nusa."

"Ninuse nini, mzee?"

"Ningekuwa najua pua yako inajua nini, ningekuambia. We nusa."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa wageni. Nilikaa asubuhi nzima nanusa friji kama mbwa aliyekosa kazi. Kabla ya adhuhuri harufu ilibadilika, ikawa nzito, ya masizi. Nikamwita. Akaja, akainama, akaona utambi umeanza kutoa moshi mweusi. Moshi ule huziba bomba, na bomba likiziba baridi inakufa polepole bila kelele yoyote. Akaukata utambi, akaufuta, akaniambia, "Sasa umeajiriwa. Jana ulikuwa umeandikwa tu."

Kwa miaka mingi umeme wa mji ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na pua yangu imeokoa chanjo nyingi kuliko cheti changu.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuogopa barafu. Watu hudhani adui wa chanjo ni joto peke yake. Chanjo ya pepopunda ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kung'aa kama maji ya mto. Mzee Idi alikuwa na chupa moja aliyoigandisha makusudi. Akiwa na shaka na nyingine, alizitikisa zote mbili, akaziweka mezani, akaanza kusimulia mpira. Iliyokufa hutulia haraka, unga wake ukakaa chini mapema kama mtu anayewahi kiti kizuri msibani. Nzima hubaki na ukungu wake. Mnaoijua mbinu hii nisameheni. Wengine mnaijua kwa kusoma tu, na kusoma si sawa na kusimama pale ukiomba ukungu usishuke.

Kwa sababu hiyo hiyo nilijifunza kuchungulia friji za watu bila haya. Katika zahanati moja ndogo ya Kigobe nilikuta mukeke wawili, samaki wa ziwa letu, wamelalia chupa za chanjo. Mwenye samaki akaniambia nisijali, ni wabichi kabisa. Sikujali ubichi wao. Nilijali kwamba friji ilikuwa imewekwa kali ili wasioze, na chanjo zote chini yao zilikuwa barafu. Nilizirudisha bohari. Samaki nilikaribishwa, na nilikubali, kwa kuwa hawakuwa na kosa.

Mzee Idi alifariki vita ikiwa imekwisha, kitandani kwake, watoto wake wakiwa wamemzunguka. Kwa watu wa rika lake katika mji huu hiyo ni zawadi, na namshukuru Mungu kwamba aliipata.

Sasa nije Mutakura, maana ndipo nilipofundishwa kazi ambayo bohari haikuwa nayo.

Pembeni ya mtaa huo kulikuwa na kambi ya watu waliokimbia nyumba zao: mahema ya plastiki, kamba zimepishana, moshi wa kuni kila mahali. Kulikuwa na kituo kidogo cha afya, vyumba viwili na baraza, na mwenye kituo alikuwa Consolata, muuguzi kutoka milima ya Gitega. Watu walimwita muganga, kama tunavyomwita kila mtu anayeshika sindano. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili alikijifunzia sokoni, kwa hiyo alijua kubishana kabla ya kujua kusalimia. Mimi aliniita Barafu. Kambi nzima ikaniita Barafu.

Nilimpelekea chanjo kila wiki, kwa baiskeli njia ikiwa wazi, kwa miguu ikiwa imefungwa. Nilipenda safari ile kuliko ilivyofaa. Watu walikuwa wamejifungia majumbani, mimi nikawa na ruhusa ya kutembea. Nawaambia ukweli, mara nyingine nilizunguka njia ndefu ili tu niuone mji umekaa vipi.

Kisha likaja macinya, kuhara damu. Mliozaliwa baadaye mnalijua kwa jina. Lilianza kwenye mahema ya chini, karibu na vyoo, likapanda. Consolata alikuwa na vidonge vilivyokuwa vikilimaliza zamani, na mwanzoni viliwasaidia watu. Baadaye vikaanza kuwasaidia nusu. Mtu anapata nafuu, anacheka, halafu anarudi akiwa ameinama.

Miongoni mwa waliorudi alikuwa Fiston, mtoto wa miaka miwili. Mama yake, Mama Fiston, alikuwa mwanamke mwembamba aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza kwenye njia ya kambi, na mdomo wake ulitwanga pamoja na mchi. Siku hiyo hakuwa na maneno. Mtoto alikuwa amelala begani shingo imelegea, macho yameingia ndani. Alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki. Nilikuwa barazani natoa chupa kwenye glasiere, nikasikia yote.

"Mama Fiston," Consolata alimuuliza, "ile dawa nilikupatia, umemupa mutoto yote?"

"Yote, muganga."

"Yote yote?"

Mama Fiston akatazama chini. Nyuma yake alikuwa jirani yake wa hema, Mama Aline, naye ana binti mgonjwa mgongoni. Ndiye aliyejibu.

"Muganga, usimugombeze. Ingine alinipatia mi."

"Ngapi?"

"Nusu. Na mi nikapatia mama mukwe kidogo."

"Na mama mukwe akapatia nani?" mtu akauliza kwenye foleni, na watu wakacheka, kicheko kile cha watu waliochoka. Lakini ilibainika kwamba mama mkwe naye alikuwa amempatia mtu.

Consolata akakaa kwenye benchi. Nilimwona anatafuta mahali pa kuanzia kukasirika na hapaoni.

"Kwa nini, sha?" akauliza mwishowe, kama anavyoulizwa rafiki. "Nilikuambia ni ya Fiston."

"Muganga," Mama Fiston akasema, "siku tunakimbia, mi nilitoka na mutoto tu, hata nguo ya kumubeba sina. Huyu Mama Aline alipasua kitenge yake njiani, akanipa nusu. Hii hapa, ndiyo nimemubebea. Sasa binti yake analia damu, na mi nina dawa chini ya mukeka. Ningefanya aje? Nilale?"

Ninyi mliosoma mtasema ni ujinga. Lakini kambi ile iliishi kwa kugawana. Chumvi, moto, sufuria, hata habari mbaya, kila kitu kilikatwa vipande. Mtu aliyekula peke yake pale alionekana mgonjwa kuliko wagonjwa. Kwetu hata pombe ya ndizi hunywewa kwa mirija katika chungu kimoja. Kwa hiyo dawa nayo ilienda njia ya chumvi. Kila mtu alipata kipande, na hakuna aliyepata dawa.

Consolata alieleza kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia. "Muniangalie. Mwizi akiingia kwako ukamupiga kofi moja ukamwachia, anaenda wapi?"

"Anarudi!" wakasema.

"Anarudi na nini?"

"Na panga!"

"Ego, ndiyo, na ndugu zake. Huyu mududu wa macinya ni hivyo. Dawa nusu ni kofi. Hafi, anakujua, anarudi na panga. Na watoto anaozaa wote wanakujua. Sasa hii dawa yangu wameizoea, wanaikunywa kama chai."

"Yoo, Mana yanje, Mungu wangu," Mama Aline akasema, na akaanza kulia, kwa kuwa alielewa nusu aliyoimeza binti yake ilitoka kwa nani.

"Usilie," Mama Fiston akamwambia kwa ukali. "Mi ndio nilikupatia. Hukuniibia."

Daktari wa hospitali, aliyekuja kambini alipoweza, alikuwa amekwisha sema hivyo hivyo: dawa ya zamani imechoka. Kulikuwa na mpya, yenye nguvu, lakini chache, ilikuwa bohari kwetu, na haikutoka bila saini yake. Aliisaini kwa ajili ya kituo cha Consolata akiwa na wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa wa haki. Consolata aliniita pembeni.

"Barafu, hii mpya wadudu wakiizoea nayo, nyuma yake hatuna ingine. Iko ukuta. Unanisikia?"

"Nakusikia, dada."

"Kwa hiyo haitatoka kwa huu mulango. Kila mutu anakuja kumeza hapa, mbele yangu, asubuhi na jioni, mpaka iishe. Na Fiston iko wa kwanza. Mutoto huyu hana siku nyingi za kungoja."

"Na wakitaka kugawa?"

Hapo ndipo alipoonyesha ana kichwa. Alirudi barazani, akamshika Mama Fiston bega.

"Sikukatazi kugawa. Nakukataza kugawa kwa mukono yako. We unajua nani angepata nusu ya dawa ya Fiston. Sasa njoo naye. Kila mutu aje na yule angemugawia. Mi ndio nitagawa, na kila mutu atapata nzima."

Watu wakatazamana. Halafu mzee mmoja akasema, "Sasa hiyo ni dawa ya watu," na habari ikapanda kwenye mahema kabla sijafunga glasiere. Kilichokosekana ni dawa yenyewe.

Kesho yake ikawa siku ya mji mfu. Ndivyo tulivyoziita siku ambazo vijana walifunga barabara kwa magogo na mawe, na kila mtu akabaki alipo. Mimi nilikuwa Zone Industrielle, dawa mikononi, Mutakura upande wa pili wa mji. Mzee Idi akachukua pakiti za vidonge, akazifunga kwenye plastiki, akaziweka ndani ya glasiere, kisha akaanza kumimina barafu ya vipande aliyoigandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa.

"Mzee, vidonge havihitaji barafu."

"Vidonge apana. We ndiyo unaihitaji. Kule wameona bunduki nyingi, barafu hawajaiona tangu Krismasi."

Nilitoka kwa miguu. Njia nzima niliwaza shingo ya Fiston. Vizuizi viwili vya kwanza walinijua, wakanitukana kirafiki, nikapita. Cha tatu sikukijua. Vijana kama kumi, na mkubwa wao alikuwa amevaa koti la mvua la njano wakati jua linachoma.

"We, sanduku ni ya nini?"

"Ya chanjo. Mi ni wa Buyenzi, naenda kwa watoto."

"Watoto ya nani?"

"Watoto wa watu."

"Watu gani?" Sasa wenzake walikuwa wamenizunguka. "Fungua."

"Nikifungua baridi inatoka."

"Itoke. Nasi tuna joto."

Nikafungua. Moshi wa baridi ukapanda usoni mwake, akarudi nyuma kidogo, na wenzake wakamcheka. Hakupenda kuchekwa. Akazamisha mkono, akatoa pakiti.

"Chanjo gani hii? Hii ni vidonge. Unadanganya wakubwa, eh?"

"Ni dawa ya macinya."

Kijana akaigeuza pakiti. Aliponiangalia tena alikuwa mtu mwingine, mdogo kuliko nilivyodhani.

"Ya kweli? Ile ingine haifanyi kitu. Tate yangu ameimeza mpaka imeisha." Tate ni bibi, kwa lugha ya kwetu. "Damu inatoka tu."

"Ni mpya. Ni ya kweli."

"Basi tugawane. Nusu yako, nusu yangu, unapita."

"Chukua yote!" mmoja akapiga kelele nyuma.

"Kimya, we!" Kisha kwangu, taratibu: "Nusu tu. Mi si mwizi."

Na hakuwa mwizi. Hicho ndicho kilichonichanganya. Aliomba vilevile kama Mama Aline angeomba, ila alikuwa na rungu. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini pakiti zilipimwa, na kila alichochukua kingetoka kwa mtu, na wa kwanza katika orodha ya Consolata alikuwa mtoto asiyeweza kushika kichwa chake.

"Ukichukua nusu, tate yako hataimaliza, ataanguka tena," nikamwambia. "Na mutoto huko naye ataanguka. Dawa hii hawaitoi mukononi. Inamezwa mbele ya muganga. Mulete."

"Wapi?"

Nikamtajia kambi. Kambi ile ilikuwa ya watu waliokimbia vijana kama hawa, au waliodhani hivyo.

"Kwa wale?" akasema. "We unataka niuawe?"

"Nataka tate yako apone. Muganga hatauliza unatoka wapi."

"Na wengine?"

Nilijua nikisita nimekwisha. Nikasema la kwanza lililokuja mdomoni: "Uvue hiyo koti kwanza, kaka. Hiyo hata wa Uvira wanaiona."

Uvira iko ng'ambo ya ziwa, nchi nyingine. Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, wakafuata wote, na mwenye koti akacheka mwisho, kwa uchungu kidogo. Akarudisha pakiti. Akachukua barafu, nao wakachukua, kila mmoja kipande, na nilipogeuka nyuma niliwaona kumi hao wamesimama kwenye magogo yao wanafyonza barafu kama watoto siku ya sikukuu.

Fiston alimeza kidonge chake mchana uleule. Consolata alikisaga, akakichanganya na maji ya sukari na chumvi, akakitia kinywani kijiko baada ya kijiko, na Mama Fiston akihesabu kila anapomeza kwa midomo bila sauti. Kando yake alikaa Mama Aline na binti yake, kama ilivyoagizwa. Mama mkwe wake hakuja. Alikuwa amezikwa asubuhi ile, na dawa haikumkuta.

Kesho yake nilirudi na chanjo, nikakuta baraza limejaa, kila mtu na mtu wake. Ndipo yule kijana alipotokea njiani, bila koti, bibi kizee mgongoni. Sijui alipita wapi. Foleni ikafunguka mbele yake, si kwa heshima. Watu walirudi nyuma.

"Huyu ni wa kule," mwanamume mmoja akasema.

"Namujua," mwingine akasema. "Anasimamaga kwa kizuizi."

Kijana akampandisha bibi vizuri mgongoni. Consolata alitoka na kikombe mkononi. Angeweza kuwaamuru wanyamaze, nao wasingenyamaza. Alisema tu, kama anasoma sheria ukutani:

"Hapa kila mutu anakuja na wake. Huyu bibi ni wa nani?"

Swali lile nalisikia hata leo nikipita pale. Mama Fiston alikuwa kwenye benchi, Fiston mapajani, bado amelegea lakini macho yamefunguka. Akatazama kulia kwake, kwa Mama Aline. Akatazama kushoto, mahali palipobaki wazi.

"Ni wangu," akasema. "Mama Aline ana binti yake. Mi leo nilikuwa sina wa kugawia." Akasogea. "Kaa hapa, tate. Benchi imelegea huku, shika ukuta."

Kijana akamshusha bibi. Mwanamume aliyesema wa kwanza akatema mate pembeni, lakini akabaki kwenye foleni. Bibi alimeza, akakunja uso, akasema kwa Kirundi kwamba dawa ni chungu kama mkwewe, na wanawake wakacheka kabla hawajakumbuka kwamba walikuwa wameamua kutocheka.

Kijana alimleta asubuhi na jioni mpaka dawa ikaisha. Siku ya mwisho bibi alikuja kwa miguu yake. Jina la kijana sikuwahi kulijua, na sikumwona tena. Kizuizi kile kilihama, vilivyofuata vikawa na watu wengine. Wapo waliokufa kwa macinya lile licha ya kila tulichofanya, na mnapowafundisha wanafunzi msiwaambie ilikuwa ushindi. Lakini ile dawa mpya haikuzoewa na wadudu pale kwetu kwa muda niliokuwepo. Vidonge havikutoka mlangoni.

Baada ya hapo nilizunguka sana. Nilipeleka chanjo Bubanza, Rumonge, milimani juu ambako baridi ya hewa inamdhihaki mtu aliyebeba barafu. Sehemu nyingi nimefika, na kila niliporudi mjini nilitafuta kisingizio cha kupita Mutakura. Nawashukuru waliobaki pale na kunipa kiti. Namshukuru Consolata, ambaye hakuwahi kuniambia asante, kwa sababu alidhani tunafanya kazi moja.

Ila siku ninayoipenda ni ya kampeni ya surua, mwaka uliofuata. Vita bado, mahema bado. Consolata alikuwa anawaeleza akina mama kwamba chanjo hii mtoto haigawi, sindano ni yake, lakini watoto wengi wakichomwa, ugonjwa unakosa pa kupita, na hata kichanga ambaye bado mdogo kwa sindano anapata kinga kwa wenzake.

Mama Fiston akainua mkono. "Kumbe hii inajigawa yenyewe?"

"Inajigawa yenyewe."

"Na haiwi nusu?"

"Haiwi nusu."

"Mungu wangu, muganga, mbona hukuanza na hii?"

Akanipa Fiston nimshike, akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akatoka akigonga. Alipita mahema yote. Halafu tukaisikia sauti ya kifuniko inavuka barabara, inaingia upande ambao watu wa kambi hawakuwa wakienda. Consolata akasimama mlangoni. Hakumwita arudi. Tulingoja. Aliporudi, nyuma yake walikuwa wanawake nisiowajua, na watoto wamewashika mikono, wengine mgongoni, wamesita kwenye njia wakiangalia benchi.

"Sogeeni," Mama Fiston akawaambia wa kwetu, akitweta. "Mbona mumekaa kama mumelipia?"

Wakasogea. Consolata akaniuliza kwa macho kama chupa zinatosha, nikamjibu zinatosha, ingawa nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya kurudi bohari mbio.

Fiston tukaanza naye, ili wageni waone. Alikuwa mzito sasa, miguu ya kupiga mpira, na alipoona sindano alielewa yote. Nilimkumbatia kwa nguvu. Consolata akachoma. Mtoto akageuka, akatafuta kilicho karibu, akakipata kidole changu, akaking'ata kwa meno yake yote.

"Barafu! Mupige!" mama yake akapiga kelele, aibu imemjaa mbele ya wageni. "Mugombeze huyu!"

"Apana," nilimwambia, machozi yananitoka, na maumivu hayakuwa sababu yote. "Mwache aume."